Valvu Hazifufui Sauti ya Nyanyembe Jazz

Swali huja kwa sura ileile: mpenzi wa muziki wa Tabora, mwenye nyimbo za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, anauliza anunue amplifaya gani ya valvu ili apate ile sauti halisi ambayo transista zimeipoteza. Hakuna, kwa sababu transista hazikupoteza kitu. Kilichonaswa na maikrofoni siku ya kurekodi na kubaki kwenye tepu ndicho chote tulicho nacho. Amplifaya ya nyumbani ni mpagazi: hukabidhiwa mzigo uliokwisha kufungwa, na sifa yake ni kuufikisha Bagamoyo kama ulivyotoka Unyanyembe. Akifika na mzigo mkubwa kuliko aliobebeshwa, ana maelezo ya kutoa.

Utaambiwa, "Masikio yangu hayadanganyiki." Yanadanganyika, tena upesi, yakishajua ni chombo gani kinacheza. Mwaka 1978 jarida la Uingereza, Wireless World, lilichapisha jaribio la James Moir lililoshindanisha amplifaya tatu za Quad, moja ya valvu na mbili za transista. Wasikilizaji wasioambiwa ipi inacheza hawakuweza kuzitofautisha. Mwaka 1985 Bob Carver wa Marekani alirekebisha amplifaya yake ya transista ifanane na ya valvu ya bei ghali, na wahariri wa jarida la Stereophile waliompa changamoto hiyo wakashindwa kuzitenganisha. Je, hakuna amplifaya za valvu zenye sauti ya pekee? Zipo, na sababu zinapimika. Nyingi huongeza mwangwi mdogo wa noti, oktavu moja juu, ambao sikio huupenda; tena ukinzani wao wa kutolea sauti ni mkubwa, hivyo besi hufuata tabia ya spika. Athari hiyo ya pili unaweza kuikaribia kwa kuunga resista ya omu moja kati ya amplifaya ya transista na spika. Mwingine atataja wapiga gitaa wanaong'ang'ania valvu. Wana haki: wao huilemea amplifaya makusudi, nayo inakuwa sehemu ya ala. Lakini kazi hiyo ilikwisha kufanyika kabla tepu haijazunguka. Kuirudia sebuleni ni kutia chumvi mara mbili.

Basi nunua nini? Transista au daraja D, kutoka kwa muuzaji anayetaja wati halisi. Tarakimu za PMPO kwenye boksi zipuuze. Kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo fedha iliyobaki peleka kwenye spika, na uzipange vizuri chumbani. Ukipenda valvu kwa mwanga wake na umbo lake, nunua, ila ujue gharama: EL34 nne hula karibu wati 38 za kupasha moto pekee kabla ya noti ya kwanza, na LUKU haijali mapenzi yako. Weka stabilaiza. Na usifungue redio ya valvu ya babu kwa bisibisi ya jikoni: kapasita zake zaweza kushika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee fundi anayezijua.