Mpangaji wa Kurasini, mwenye nyumba wa Voi

Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kigali au Bujumbura anayefuata mzigo wake Dar es Salaam lazima afike Kurasini. Hapo ndipo kuna bandari kavu, maegesho ya malori na ofisi za mawakala wa forodha. Atasimama kwenye foleni, atauliza kontena lake limefikia wapi, atanunua chai, ataondoka. Wachache kati yao wanajua kwamba sehemu ya eneo hilo ilikuwa mitaa ya watu, yenye nyumba za vyumba sita, misikiti, mabomba ya maji ya kuuza na watoto.

Mizigo ilipoongezeka, bandari ilitaka nafasi. Kuanzia mwaka 2007 na 2008 hivi, serikali iliwaondoa wakazi wa sehemu kadhaa za Kurasini. Fidia ilikuwepo, lakini ililipwa kwa mwenye nyumba. Mpangaji hakuwemo kwenye orodha.

Anayeijua nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ataelewa uzito wa jambo hilo. Nyumba ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna choo na jiko la pamoja. Kila chumba kinaweza kuwa na familia yake. Nyumba moja ikivunjwa, anayelipwa ni mmoja, na wengine watano wanabeba magodoro kwenda kutafuta chumba kingine. Na kwa kuwa wote wanatafuta kwa wakati mmoja, kodi ya vyumba jirani haiwezi kubaki palepale.

Baadhi ya wapangaji hao walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la maskini wa mijini Tanzania, linalosaidiwa na Centre for Community Initiatives, shirika lisilo la kiserikali la hapohapo Dar es Salaam. Wengi wao walikuwa wanawake. Vikundi hivyo havina siri yoyote kwa msomaji wa gazeti hili. Ni ndugu wa upatu, wa chama cha Kenya, wa ikimina ya Rwanda na likelemba ya Kongo. Mtu anatoa kidogo kila siku au kila wiki, kinaandikwa kwenye daftari, na anayekopa anakopa mbele ya macho ya wenzake. Tofauti ni kwamba safari hii pesa hazikwenda kwenye mtaji wa vitenge wala ada ya shule. Zilikwenda kutafuta ardhi, pamoja na mkopo na msaada wa mfuko wa shirikisho na washirika wake wa nje.

Walinunua ekari 30 Chamazi, mbele ya Mbagala, kwa shilingi milioni 24. Ni shilingi 800,000 kwa ekari, bei ya shamba, kwa sababu wakati huo lilikuwa shamba kweli. Mpangaji mmoja asingeweza kununua hapo kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji. Lakini kaya takriban 300 zikigawana bei ya shamba, kila moja ilibeba chini ya shilingi 100,000 za ardhi. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata, na mtu yeyote aliyewahi kuchangia lori moja na wenzake watano kutoka Tunduma anaielewa bila kufafanuliwa.

Ardhi ikishapatikana, kazi ndiyo inaanza. Kanuni za mipango miji zilitaka viwanja vikubwa kuliko uwezo wao, na kiwanja kikubwa kina maana ya watu wachache na gharama kubwa ya barabara na bomba kwa kila kaya. Waliomba waruhusiwe viwanja vidogo, wakakubaliwa. Walianzisha ushirika wa nyumba ili kuwe na chombo kinachotambulika kisheria kumiliki na kukopa. Walijifunza kufyatua wenyewe matofali ya kufungamana, ambayo hupangwa bila udongo mwingi wa saruji katikati. Walichimba kisima. Nyumba ilichorwa ili ianze ndogo, kisha iongezwe chumba baada ya chumba kadiri pesa zinavyopatikana, kama watu wa Dar es Salaam wanavyojenga siku zote hata bila kuambiwa na mhandisi.

Ujenzi ulikwenda polepole, na sababu zake zinajulikana. Mkopo wa nyumba hurudi taratibu kuliko mkopo wa biashara. Aliyekopa kununua mchele anauza na kurudisha ndani ya mwezi, lakini aliyekopa kujenga chumba hana cha kuuza, anarudisha kutoka kwenye kipato kilekile cha kila siku. Na kipato chenyewe kilikuwa kimebaki bandarini. Chamazi iko mbali na Kurasini. Mama ntilie aliyekuwa akiwapikia wachukuzi mlangoni mwa bandari anahitaji mabasi mawili alfajiri na mawili jioni, na sufuria zake njiani. Nauli haionekani kwenye mchoro wa nyumba. Hapo ndipo mpango wowote wa nyumba za bei nafuu unapopimwa, uwe wa serikali au wa wananchi: nyumba imekuwa nafuu, je, na maisha ya kutoka humo kwenda kazini?

Ardhi isiyouzwa

Kilomita mia kadhaa kaskazini, kwenye njia nyingine ya biashara, kuna mtaa uliolijibu swali la ardhi kwa namna tofauti kabisa. Anayetoka Holili na vitunguu vya Tanzania, akavuka Taveta na kuelekea Mombasa, hutokea kwenye barabara kuu mjini Voi. Katika mji huo kuna mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni, ingawa mpaka wa Tanzania uko mbali na hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Tanzania-Bondeni walikuwa wamejenga kwenye ardhi isiyo yao. Sehemu ilikuwa ya serikali, sehemu ya shirika la reli, na sehemu ya shamba la mkonge. Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Ujerumani, ilipoamua kuuboresha mtaa huo, wakazi waliulizwa wanataka umiliki wa aina gani. Njia ya kawaida ilikuwa kumpa kila mtu hati yake. Wao, baada ya mikutano mingi, walichagua ardhi yote imilikiwe na amana moja ya jumuiya. Nyumba ni ya mtu binafsi: anaweza kuiboresha, kuirithisha, hata kuiuza. Ardhi iliyo chini yake haiuzwi.

Kwa mtu wa pwani, hilo si jambo la ajabu sana. Mombasa ina historia ndefu ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na anajua kwamba siku mwenye ardhi akiuza, kuta zake hazina pa kusimama. Tena kila mtu anajua wakfu. Voi walichukua sura ya nyumba bila ardhi wakaigeuza: mwenye ardhi sasa ni majirani wenyewe, kwa pamoja, na hakuna mmoja anayeweza kumwendea tajiri wa mjini usiku wakamalizana.

Walichokuwa wakiogopa kina msingi. Katika miradi mingi ya kuboresha mitaa, mtu maskini hupewa hati, barabara inachongwa, maji yanafika, thamani inapanda. Kisha inatokea ada ya shule, au msiba, au ugonjwa. Anauza. Baada ya miaka michache mtaa ni mzuri, lakini waliokuwa wakiishi humo wako kwenye mtaa mwingine mbovu. Kwa kuondoa ardhi sokoni, watu wa Voi walifunga mlango huo.

Lakini walifunga na mwingine, na mfanyabiashara atauona mara moja. Hati ndiyo inayopelekwa benki. Mwenye duka anayetaka kuongeza mtaji hawezi kuweka rehani ardhi ambayo si yake peke yake, na nyumba peke yake haimridhishi mkopeshaji. Haikuwa ajabu kwamba baadhi ya wakazi walianza kutamani hati zao binafsi, wala kwamba mfumo huo haukuenea katika miji mingine ya Kenya. Amana ilikuwa kinga dhidi ya hasara, na watu wenye nguvu ya kukua huona kinga kama kamba. Hata hivyo, kumwambia mjane mwenye chumba kimoja kwamba alinyimwa nafasi ya kukopa ni kusahau kwamba rehani nayo huishia kwa dalali.

Hesabu ya wapangaji

Suala la mpangaji linamhusu msomaji huyu kwa karibu kuliko anavyodhani. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010, likafungua njia kwa bidhaa, huduma na watu. Kuhusu ardhi, Ibara ya 15 ya itifaki yake inaliacha suala hilo kwa sheria za kila nchi. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya, Katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa hiyo Mganda mwenye chumba Kariakoo na Mtanzania mwenye chumba Eastleigh wana hali moja na yule wa Kurasini. Wanalipa kodi kila mwezi, na siku bandari, reli au barabara ikihitaji nafasi, fidia inampita mpangaji.

Nairobi kuna mfano mdogo wa namna nyingine ya kuhesabu. Katika kijiji cha Kambi Moto, mtaa wa Huruma, wakazi walio katika Muungano wa Wanavijiji walihesabu wenyewe kaya zao, mlango kwa mlango, wenye vibanda pamoja na wapangaji. Mwaka 2003 walifikia makubaliano na Baraza la Jiji kuhusu ardhi waliyokalia. Kila kaya iliyohesabiwa ilikuwa na haki ya nyumba moja, na mwenye vibanda vitano hakupata nyumba tano. Haikuwa rahisi kuwashawishi wenye vibanda, maana walikuwa wakipoteza kodi.

Nafasi ilikuwa finyu mno, kwa hiyo viwanja vilikuwa vya mita nne na nusu kwa mita nne na nusu, na nyumba zikapanda juu badala ya kutanuka. Walijenga kwa zamu, kundi baada ya kundi, huku wengine wakiendelea kukaa kwenye mabati pembeni. Hakuna aliyehamishiwa mbali. Aliyekuwa akiuza mboga Huruma aliendelea kuuza Huruma.

Tofauti kati ya Kambi Moto na Kurasini ilikuwa kwenye daftari: nani aliandikwa, na nani aliliandika. Kwenye miji ya mpakani, kuanzia Tunduma hadi Namanga na Busia, vyumba vya kupanga vinajengwa kila mwaka karibu na vituo vya forodha, na vituo vyenyewe vinaendelea kupanuliwa. Mfanyabiashara anayelala huko siku tatu kwa wiki anajulikana na mwenye nyumba, na wakala, na muuza chai. Kwenye daftari la wakazi la mtaa, mara nyingi jina lake halimo.