Anayekwenda Rwenzori Asiupite Mgodi wa Kilembe

Wageni wengi wanaofika Kasese, magharibi mwa Uganda, hufuata mambo mawili: wanyama wa Hifadhi ya Queen Elizabeth na theluji ya milima ya Rwenzori. Katikati ya mawili hayo lipo bonde la mto Nyamwamba, na ndani ya bonde hilo, kilomita kumi hivi kutoka mjini, upo Kilembe, mji uliojengwa kwa ajili ya shaba. Wengi huupita. Naamini wanapoteza kitu kikubwa, maana mgodi huo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya yale wanayokwenda kuyaona: kwa nini reli ilifika huko, kwa nini Kasese ilikua, na kwa nini kuna kipande cha mbuga ambacho hakioti majani.

Kampuni ya Kilembe Mines ilianzishwa mwaka 1950 kwa mtaji uliotoka zaidi Kanada. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na uzalishaji ukaanza mwaka huohuo. Umeme wa mgodi ulitoka kwenye mto Mubuku, ulioko jirani, na makinikia yalipakiwa kwenye treni hadi Jinja, kuyeyushwa kwa nguvu za bwawa la Owen Falls. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoiingizia Uganda fedha nyingi za kigeni, ikitanguliwa na kahawa na pamba. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Wataalamu wakaondoka, vipuri vikaadimika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Treni nayo haifiki tena. Yaliyobaki yanaonekana bila kutafutwa: midomo ya mashimo kwenye mteremko, mitambo iliyoshika kutu, na safu za nyumba za wafanyakazi ambazo bado zinakaliwa na watu.

Nyumba za namna hiyo ziko Kyanjuki, juu kidogo ya mgodi, na hapo ndipo inapoanzia njia ya Kilembe ya kupanda Rwenzori. Ni sadfa yenye maana. Rwenzori haikutokana na volkano kama Kilimanjaro au Mlima Kenya. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa na misukosuko ya Bonde la Ufa, na shaba ya Kilembe imo katika mwamba huohuo. Anayepanda kutoka hapo huuacha mgodi nyuma yake, akapita msitu mnene, kisha mianzi, kisha lobelia zinazomzidi mtu kimo, hadi kwenye barafu. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kilifikiwa na Mwitaliano Luigi Amedeo wa Abruzzi mwaka 1906, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya barafu aliyoiona imeyeyuka. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, huko juu ni makao ya mungu wao Kitasamba, na heshima hiyo ni ya zamani kuliko mwaka 1994, UNESCO ilipoiweka milima hii katika orodha ya urithi wa dunia.

Wapo watakaosema kwamba mtalii hulipa ili aone uzuri, na magofu ya kiwanda si uzuri. Hoja hiyo ina uzito, tena zaidi ukikumbuka kwamba taka za mgodi zilizorundikwa Kasese zilivuja asidi na metali kwa miaka mingi, zikaunguza ukanda wa ardhi ndani ya mbuga kuelekea Ziwa George. Lakini huwezi kuipenda mbuga hiyo kwa dhati ukikataa kujua kilichoijeruhi. Wala si kweli kwamba mazingira yale hayakuguswa na mikono ya watu hadi shaba ilipogunduliwa. Huko Katwe, ndani ya eneo la mbuga hiyo, watu wamekuwa wakivuna chumvi kwenye ziwa la kreta kwa vizazi vingi, na utajiri huo ndio uliomfanya afisa Mwingereza Lugard ajenge ngome pale mwaka 1891. Kiwanda cha kisasa cha chumvi kilichojengwa baadaye kiliharibika upesi kwa kutu. Wavunaji wanaosimama majini wakaendelea na kazi yao. Siku moja Katwe na nyingine Kilembe humfundisha mgeni mengi kuhusu nchi hiyo ambayo hawezi kuyapata akiwa ndani ya gari la kutazamia simba.

Pingamizi zito zaidi ni la ajira. Mgodi uliajiri maelfu. Wapagazi na waongoza wageni hawatafikia idadi hiyo, na si haki kuwaahidi watu wa bonde kwamba utalii utarudisha mishahara ya zamani. Lakini mpango wa kuufufua mgodi kwa mkataba wa mwaka 2013 na wawekezaji wa China ulivunjika miaka michache tu baadaye, na mwaka huo wa 2013, kisha 2020, Nyamwamba ilifurika na kubomoa nyumba na majengo ya hospitali ya mgodi. Mgeni anayelala Kyanjuki, anayemlipa mwenyeji amwonyeshe mashimo kwa nje, huacha fedha bondeni kwenyewe badala ya kuziacha zote kwenye hoteli za mbugani. Aende kati ya Juni na Agosti, au Desemba na Februari, mvua zinapopungua, na atenge wiki nzima ikiwa anataka kufika kwenye barafu.