Kompyuta Isiyoamka

Karani hufika kazini asubuhi, huketi mezani pake na kubonyeza kitufe cha kompyuta. Taa huwaka, feni husikika ikivuma ndani, lakini kioo hubaki kitupu, au huonyesha maneno machache juu ya rangi ya buluu. Hubonyeza tena, na mambo huwa yale yale. Hapo watu wengi husema, "Kompyuta imekufa," na hesabu zote zilizomo hudhaniwa zimekufa pamoja nayo. Kusema hivyo ni haraka mno. Mara nyingi mashine ni nzima, na hesabu ni nzima. Kilichokatika ni njia itokayo kwenye kitufe hata kuzifikia hesabu zile. Ili kuifahamu njia hiyo, yafaa kwanza kujua jinsi kompyuta iamkavyo.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski, nayo huyashika yaliyoandikwa hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu, nayo hutumiwa wakati wa kazi kwa sababu ina mbio kuliko diski. Lakini umeme ukikatika, yote yaliyomo hutoweka. Kwa hiyo kila inapowashwa, kompyuta haijui neno ila programu moja ndogo, ambayo waliyoiunda waliiandika katika kipande kimoja cha ndani. Programu hiyo huamka kwanza. Huvikagua viungo vya mashine, kisha huitafuta diski, na katika diski huitafuta programu ya pili iitwayo kipakizi. Kipakizi hukichukua kiini cha mfumo wa uendeshaji na kukitia katika kumbukumbu. Mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux, ndio msimamizi wa programu zote, naye huzigawia kazi. Kiini kikishaamka huviita viendeshi, yaani programu ndogo ndogo zijuazo kukitumia kioo, diski na vyombo vinginevyo. Mwisho kabisa huja mlango, ambapo mtu huandika neno lake la siri.

Basi mmoja wao akikosa kumwamsha mwenziwe, safari yote husimama hapo. Ndiyo maana fundi mwema haanzi kwa kufuta. Huanza kwa kutazama safari imekoma wapi. Taa isipowaka, hilo ni jambo la umeme. Kompyuta ikisema kwamba haikuona diski, ugonjwa uko kwenye diski au waya wake. Lakini nembo ya Windows ikionekana, kisha kioo kikageuka buluu, kipakizi kimefanya kazi yake na diski yasomeka; kilichoanguka kimeanguka baadaye. Hiyo ni habari njema kuliko watu wadhanivyo.

Jambo hilo lilionekana waziwazi siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani hutengeneza programu ya kuzilinda kompyuta za mashirika makubwa zisiingiliwe na wezi. Mlinzi huyo hukaa karibu sana na kiini, kwa maana akikaa mbali hataona yanayotendeka. Mara kwa mara hupelekewa faili dogo la kumfundisha hila mpya za adui. Siku ile, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, faili moja lilipelekwa kwenye kompyuta zenye Windows. Lilimtaka mlinzi atazame kitu cha 21 katika orodha, naye alikuwa amepewa vitu 20 tu. Akanyosha mkono katika kumbukumbu mahali pasipo pake. Windows ilipoona kosa limeingia hata kwenye kiini, ikajisimamisha yenyewe. Kujisimamisha huko si ukali wa bure, kwani kiini kilichopotoka kikiachwa kiendelee chaweza kuandika upuuzi juu ya diski na kukiharibu kilicho kizima.

Kompyuta zikajiwasha upya, zikamwita mlinzi, mlinzi akalisoma faili lile lile, zikaanguka tena. Ikawa hivyo mara kwa mara. Microsoft, yaani wenye Windows, walikadiria kuwa kompyuta 8,500,000 zilipatwa. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari 7,000 hivi kwa muda wa siku tano.

Sasa tazama ugumu wenyewe ulikuwa wapi. Faili baya liliondolewa na jema likawekwa mahali pake saa 2 na dakika 27, yaani baada ya dakika 78 tu. Dawa ilikuwa tayari, tena bure. Lakini dawa hiyo ilipitia mtandao, na kompyuta ianguka­yo kabla ya kuamka haisikii mtandao. Ilikuwa kama mgonjwa ambaye mganga yu mlangoni pake, naye hana nguvu ya kuinuka amfungulie. Kompyuta nyingine, zilipowashwa tena na tena hata mara 15, ziliwahi kulipokea faili jema kabla ya kuanguka. Nyingi zilizobaki zilimngoja mtu aziendee moja moja kwa miguu yake.

Kazi aliyoifanya mtu huyo haikuwa kubwa. Aliiwasha kompyuta katika hali salama, ambayo kiini huviita viendeshi vichache tu visivyoweza kukosekana, na walinzi na wageni wengine huachwa nje. Ikaamka. Akaifungua folda ya mlinzi, akalitafuta faili ambalo jina lake lilianza kwa C-00000291, akalifuta, akaiwasha kompyuta upya. Dakika chache zatosha, ila palipo na kompyuta elfu tano, dakika hizo ni siku nyingi. Tena diski nyingi za mashirika zilikuwa zimefungwa kwa siri, wala hazikufunguka mpaka fundi aandike ufunguo wenye tarakimu 48, bila kukosea hata moja. Waliokuwa wameuandika ufunguo mahali pengine walishukuru siku ile. Hata kufika tarehe 29 Julai, katika kila kompyuta mia, tisini na tisa hivi zilikuwa zimerudi kazini. Mtu aliyekimbilia kufuta diski nzima ili aanze upya alijitafutia hasara bure, kwani faili moja tu ndilo lililokosa.

Hata hivyo zipo siku ambazo kuanza upya hakuepukiki. Huenda umeme ulikatika mfumo ukiwa katikati ya kujiandika, na mafaili yake mengi yameharibika hata hali salama yenyewe haiamki. Hapo fundi huitafuta kompyuta nyingine iliyo nzima, na kwa hiyo huuandika mfumo mpya juu ya flashi. Kwa Windows hutakiwa flashi yenye nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi. Lakini kabla ya kuuweka, huiamsha kompyuta gonjwa kwa flashi yenye Linux, ambayo yaweza kufanya kazi bila kuigusa diski ya ndani. Kwa njia hiyo huingia kama kwa dirisha, akazinakili barua na hesabu za mwenyewe kwenye diski ya nje, na kufungua mbili tatu aone kwamba zasomeka. Diski ikilia kama kitu kikwaruzwacho, huacha mara moja, maana kila jaribio laweza kuikwaruza zaidi.

Kisha ndipo huuweka mfumo. Kompyuta humwuliza ni sehemu ipi ya diski ifutwe, na swali hilo ni fupi kuliko hatari yake. Huzitazama sehemu zote na ukubwa wa kila moja, na diski ya nje huwa ameichomoa tayari asije akaifuta kwa kukosea. Kazi huchukua saa moja au zaidi. Baadaye programu hurudishwa moja moja, na hesabu hurudishwa mwisho. Karani huandika neno la siri jipya, hulifungua faili la mwezi uliopita, na kushuka nalo mpaka mstari ule alioachia jana yake jioni.