Kupandisha Toleo la Mfumo wa Mafaili ya Mashine Pepe: Kuboresha Papo Hapo au Kuhamisha

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Diski yake ni faili kubwa lililowekwa katika hifadhi ambayo mara nyingi hutumiwa na seva kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo, mfumo unaoyapanga mafaili hayo ukivurugika, kinachopotea si waraka mmoja bali kompyuta nzima na huduma zake. Sehemu hii inafafanua njia mbili za kupandisha toleo la mfumo huo, kwa mfano wa VMFS wa kampuni ya VMware.

Toleo la 3 liligawa hifadhi katika vipande vya megabaiti 1, 2, 4 au 8, na ukubwa wa kipande uliamua ukomo wa faili: kuanzia gigabaiti 256 hadi takriban terabaiti 2. Toleo la 5, lililotolewa mwaka 2011, lilitumia kipande cha megabaiti 1 pekee bila kupunguza ukomo huo.

Kutoka toleo la 3 kwenda la 5, uboreshaji ulifanyika papo hapo huku mashine pepe zikiendelea kufanya kazi. Hata hivyo, hatua hiyo haikuweza kutenguliwa, na seva zenye programu ya zamani hazikuweza tena kuisoma hifadhi. Aidha, hifadhi iliyoboreshwa ilibaki na ukubwa wa vipande vyake vya awali. Hivyo, hifadhi mbili zilizoandikwa toleo la 5 zingeweza kutofautiana kwa asili na kwa uwezo.

Toleo la 6, lililotolewa mwaka 2016, lilibadilisha muundo wa kumbukumbu za ndani za mfumo, na njia ya papo hapo haikuwepo tena. Msimamizi hulazimika kuunda hifadhi mpya, kuhamishia mashine pepe humo, kisha kuifuta ya zamani. Uhamishaji huo huhitaji nafasi ya ziada, jambo gumu kwa taasisi yenye hifadhi moja iliyokaribia kujaa. Taasisi ya namna hiyo hulazimika kupata nafasi ya muda, na kabla ya kufuta chochote, kuthibitisha nakala rudufu kwa kuirejesha na kuiwasha.

Kwa muhtasari, kuboresha papo hapo huokoa muda lakini hurithisha mipaka ya zamani, ilhali kuhamisha hugharimu nafasi na huleta muundo mpya kikamilifu. Kwa sababu hiyo, tathmini ya hifadhi isiishie kwenye namba ya toleo, bali ichunguze pia namna toleo hilo lilivyofikiwa.