Ukifungua kwa Ajili ya Mkanda, Badilisha na Pampu

Toyota RAV4 za kizazi cha kwanza, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1994 na 2000, bado ziko barabarani. Zilizo nyingi zina injini ya 3S-FE: silinda nne, valvu 16, ujazo wa lita 2. Ni injini yenye uvumilivu mkubwa, mafundi wanaijua nje ndani, na spea zake zinapatikana. Kinachoiangusha mara nyingi ni vitu viwili vilivyojificha nyuma ya kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini: mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Wenye magari wengi huvishughulikia kimoja kimoja, na hapo ndipo wanapolipa mara mbili.

Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno, na ndani yake kuna nyuzi ngumu zinazouzuia usirefuke. Kazi yake ni kuunganisha krenkshafti ya chini na kamshafti ya juu ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Ukiwa safarini injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ukiruka jino moja tu, gari linakosa nguvu na kunguruma vibaya. Ukikatika, injini inazima palepale.

Katika 3S-FE, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya oili na pampu ya maji. Kwa hiyo beringi ya pampu ya maji ikianza kukwama, inautafuna mkanda. Sili yake ikivuja, maji yanalowesha mpira usiopaswa kulowa. Ukiwa na mkanda mpya juu ya pampu iliyochoka, mkanda huo umeuweka hatarini tangu siku ya kwanza.

Kuna pia suala la kazi yenyewe. Ili fundi aufikie mkanda, anatoa tairi la mbele upande wa dereva, anaegemeza injini kwa jeki, anafungua mauntingi, anatoa mikanda ya nje, anafungua puli ya krenki yenye bolti iliyokazwa kwelikweli, ndipo vifuniko vitoke. Akifika hapo, pampu iko mbele ya macho yake, imebakiza bolti chache. Ukimwambia aiache kwa sababu bado haijavuja, kisha ikavuja baada ya miezi minane, kazi yote inarudiwa na ufundi unalipwa upya. Bei ya pampu ni ndogo ukiilinganisha na ufundi wa mara ya pili. Waliobadilisha rola ya kukazia mkanda, rola ya kuuongoza, pamoja na sili za krenki, kamshafti na pampu ya oili kwa wakati huohuo, hawajafanya ubadhirifu. Oili inayovuja kwenye sili kuukuu huulainisha mpira na kuufupishia maisha.

Lini ubadilishe? Kipimo kilichozoeleka kwa injini hii ni kilomita 100,000, lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ushauri wangu ni miaka 7, hata kama kilomita hazijatimia. Gari likiwa limetoka Japani, fungua boneti utafute stika ndogo karibu na injini. Gereji za kule hubandika moja baada ya kubadilisha mkanda, ikiwa na tarehe na kilomita. Usipoikuta, chukulia kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa. Na usiridhike kwa kuutazama tu: mkanda unaweza kuonekana mzima juu huku nyuzi za ndani zimeshachoka.

Pampu nayo hutoa ishara mapema. Angalia tone chini ya gari asubuhi, ukoko mweupe au wa rangi ya kutu karibu na kifuniko, au sauti ya kukwaruza inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Kinachoiua ni maji matupu. Nimesikia mara nyingi kwamba kulanti ni ya nchi za baridi kwa kuwa huku hakuna barafu. Si kweli. Kulanti inazuia kutu, na inachelewesha maji kuchemka. Bloku ya 3S-FE ni ya chuma, hedi yake ni ya aluminiamu; maji ya bomba, na zaidi ya kisima chenye chumvi, yanakula vyote viwili, na chembe za kutu zinaisaga sili ya pampu. Fundi akikuambia atoe themostati ili gari lisichemshe, mkatalie. Tafuta sababu ya kuchemsha.

Kazi ikianza, kaa karibu. Pistoni ya silinda ya kwanza lazima iwe juu kabisa, alama ya puli ya krenki ilingane na ya kwenye kifuniko, na tundu la puli ya kamshafti lilingane na alama ya juu yake. Mkanda ukishafungwa, fundi azungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wake wa kawaida, kisha aangalie alama upya. Hatua hii inachukua dakika chache, na anayeiruka ili awahi kupiga stata anachezea mali yako. Pia, dukani usikubali mtu aukunje au kuupinda mkanda mpya ili kuonyesha ubora wake. Kwa kufanya hivyo anavunja nyuzi za ndani. Pampu za Aisin na mikanda ya Bando au Mitsuboshi ni za kuaminika, ila majina hayohayo huigizwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Injini hazifanani. Kwa 3S-FE, mkanda ukikatika, valvu na pistoni hazigongani. Utaita gari la kuvuta, utafunga mkanda mpya, na safari itaendelea. Subaru yenye EJ20 ya kamshafti nne haina huruma hiyo: valvu zinapinda, na pampu yake nayo iko nyuma ya mkanda, hivyo kanuni ya kubadilisha vyote inaihusu zaidi. Dizeli za Toyota kama 5L ya Hiace na 1HZ ya Land Cruiser zina mkanda ambao ukikatika unaharibu vibaya, lakini pampu zao za maji zinazungushwa na mikanda ya nje. Kwa hizo, usilazimishwe kununua pampu kwa sababu tu mkanda unabadilishwa. Kwenye baadhi ya dizeli hizo kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo inahesabu kilomita tu. Haiujui mkanda wenyewe, na fundi akisahau kuirudisha mwanzo baada ya kazi, hesabu inayofuata itakudanganya. Vitz, Probox na IST zenye 1NZ-FE zinatumia cheni, kwa hiyo anayekuambia ubadilishe mkanda wa taimingi kwenye magari hayo, ondoka kwake.

Baada ya kazi, jaza kulanti injini ikiwa ya baridi, washa hita ya ndani ili hewa itoke, na uangalie kiwango tena kesho yake. Omba spea za zamani uzione kwa macho yako. Kisha andika juu ya kifuniko cha mkanda, kwa kalamu isiyofutika, tarehe na kilomita, pamoja na neno kwamba pampu nayo ilibadilishwa. Atakayelinunua gari hilo baada yako atahitaji taarifa hiyo kuliko maelezo yoyote utakayompa kwa mdomo.