Springi za Mbio, Matairi ya Theluji na Barabara za Dodoma

Tangu Serikali ihamie Dodoma kuanzia mwaka 2016, mjini yameongezeka magari ya mwendo: Impreza na Forester zenye tabo, Crown Athlete, Mark X, Altezza. Wenye magari hayo wengi ni vijana, na kabla mkopo haujaisha tayari wanatafuta fundi wa kulishusha gari, kulifunga springi fupi ngumu na ringi pana. Mafundi wa kuifanya kazi hiyo wapo. Ila barabara zenyewe hazijawahi kuulizwa.

Tuanze na kile kinachokuja na gari kutoka bandarini. Ukipokea gari la mtumba la Japani, chungulia ubavu wa tairi kabla ya kuwasha redio. Ukiona mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Mara nyingi maandishi ya saizi yake yataishia na herufi Q, maana yake mwendo wa juu kabisa linaoruhusiwa ni kilomita 160 kwa saa. Matairi haya yana kisa chake. Zamani Wajapani wa maeneo ya baridi walitumia matairi yenye misumari. Misumari ikakwangua lami, vumbi lake likawasumbua watu wa miji kama Sapporo na Sendai, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikaizuia. Mahali pake ukashika mpira laini sana, uliochanjwa mikato midogo midogo, ambao haukakamai hata juu ya barafu.

Mpira wa namna hiyo huanza kupoteza faida yake joto linapopanda juu ya nyuzi 7 hivi. Dodoma, hata alfajiri za kipupwe mwezi Julai, kwa kawaida tunaishia nyuzi 13 au 14. Oktoba na Novemba mchana hewa hugusa 30, na lami iliyoanikwa juani huwa na joto kubwa kuliko hewa kwa mbali. Hapo meno ya tairi hunesa: usukani unachelewa kuitika, breki zinadai nafasi ndefu zaidi, na tairi linaisha mapema. Muuzaji atakuonyesha kuwa bado lina meno marefu. Ni kweli, na urefu huo ndio unaozidisha kunesa.

Sasa springi. Kwenye uwanja wa mbio, kulishusha gari kuna mantiki. Uzito unakaribia ardhi, gari halilali sana kwenye kona, na magurudumu yakiinamishwa kidogo kwa ndani upande wa juu (mafundi huita kemba), tairi la nje hukanyaga kwa upana wake wote gari linapopinda. Lakini faida ya kemba iko kwenye kona. Uwanda wa kati umenyooka; ukitoka Dodoma kuelekea Manyoni kona za kuhesabika ndizo zitakazokudai chochote. Katika mwendo wa kunyooka, kemba ya mbio inakanyagia ukingo wa ndani, na tairi jipya linakwisha upande mmoja huku upande wa pili unang'aa. Kona za maana utazikuta ukivuka Mtera na kuupanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa, na pale hupishani na washindani, unapishana na malori.

Springi ngumu ina kasoro nyingine. Kazi ya springi na shokapu ni kuhakikisha tairi haliachani na ardhi. Juu ya lami laini, springi ngumu huweza. Ukiingia barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi, gurudumu linarukaruka kutoka wimbi hadi wimbi, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala kona. Mafuta ndani ya shokapu nayo yanapata moto na nguvu yake ya kutuliza inapungua, kisha bushi na linki zinafuata. Bado hatujafika kwenye matuta na rasta za kila kijiji cha barabarani.

Wanaobandika stika za rali wangefaa kukumbuka kuwa Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, gari lile lilikuwa limenyanyuliwa. Impreza za timu hiyo hiyo zilishushwa zilipokwenda kushindana kwenye lami ya Ulaya. Timu iliitazama barabara kwanza. Na anayenyanyua kwa spesa pia asijidanganye: spesa inaongeza kimo, haiongezi mwendo wa shokapu, na inazipinda jointi za ekseli kuliko zilivyopangiwa.

Upepo wa matairi unahitaji uangalifu zaidi ya tunavyoupa. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ni nyepesi. Tairi lililosoma PSI 32 Dar es Salaam litasoma karibu 34 hapa likiwa na joto lile lile, bila mtu kuligusa. Joto nalo lina hesabu yake: kila nyuzi 10 zinazoshuka huondoa kama 1.5. Kwa hiyo alfajiri ya Julai vipimo hivi viwili hufutana. Adhuhuri ya Oktoba havifutani. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, hapa hapa Dodoma, na ufuate kibandiko cha mlangoni.

Majira yetu ya hatari huanza na mvua za kwanza, mara nyingi Desemba. Kwa miezi saba au zaidi lami imekuwa ikikusanya vumbi, mafuta yaliyovuja na unga wa matairi. Rasharasha ya kwanza inavigeuza vyote utelezi. Mvua ikikolea, maji hutuama pale ambapo malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yameibonyeza lami. Kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA ya miaka ya 1960 juu ya matairi ya ndege inakadiria kuwa tairi lenye upepo wa 32 linaweza kuanza kuelea juu ya maji kwenye kilomita 94 kwa saa hivi. Likiwa na 25, kwenye 83. Ni makadirio, na tairi kipara au pana kupita kiasi huelea mapema zaidi, kwa sababu maji hayana pa kupitia.

Kwa mwenye gari la mwendo Dodoma, pesa ya kwanza iende kwenye matairi manne mapya ya kiangazi au ya majira yote, ya saizi ya kiwanda. Tarakimu nne za ubavuni zikusomee umri: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ya pili iende kwenye shokapu nzima za kimo cha kawaida na bushi mpya, ikifuatiwa na alaimenti. Springi za kushusha zingoje siku utakapokuwa na uwanja wa kuzitumia, na Dodoma uwanja huo hatuna. Kabla ya Desemba, yatoe yale ya STUDLESS.