SOMO LA REDIO: KUIWEKEA KOMPYUTA KUUKUU MFUMO MPYA

Mlio darasani, wekeni madaftari tayari. Leo tutazungumza juu ya kompyuta ya mezani iliyozeeka, na jinsi ya kuiwekea mfumo mpya.

Kwanza tufahamu maneno haya: mfumo wa uendeshaji. Kompyuta peke yake ni chuma na nyaya tu. Haiwezi kuandika barua wala kuonyesha picha mpaka iwe na programu kubwa ya kuiongoza, kama nahodha aongozavyo mabaharia. Programu hiyo ndiyo mfumo wa uendeshaji. Windows ni mmoja. Linux ni mwingine.

Kwa nini tuubadilishe? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Mfumo usiorekebishwa tena ni kama mlango wenye kitasa kibovu: mwizi akikijua, huingia. Hatari hii humpata hasa mwenye kutumia intaneti.

Je, kila kompyuta yaweza kupokea Windows 11? La. Mfumo huo wataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Lakini usiitupe yako. Linux Mint ni mfumo utolewao bure. Hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na diski ya gigabaiti 20, mradi kompyuta iwe ya biti 64.

Sasa shikeni jambo kubwa la leo. Kuweka mfumo mpya mara nyingi hufuta vyote vilivyomo katika diski: picha za harusi, hesabu za chama cha ushirika, barua za watoto. Vikifutwa, huenda visirudi kamwe. Basi fuateni utaratibu huu:

1. Nakili vitu vyako vyote katika flashi. Kisha zifungue nakala hizo katika kompyuta nyingine, uone kama zasomeka.

2. Twaa flashi ya pili. Tia humo mfumo mpya kwa programu maalumu ya kazi hiyo. Kila kilichokuwamo kitafutika. Ndiyo sababu twataka flashi mbili.

3. Iwashe kompyuta kwa flashi hiyo ya pili. Linux Mint huweza kufanya kazi kutoka katika flashi bila kugusa diski. Jaribu sauti, intaneti na printa.

4. Ukiridhika, ndipo uuweke. Chagua saa ambayo umeme kwenu haukatiki. Kazi ikikatika katikati, kompyuta yaweza kukataa kuwaka.

Kumbukeni: nakala kwanza, mfumo baadaye.

MASWALI

1. Mfumo wa uendeshaji hufanya kazi gani?
2. Kwa nini tunazifungua nakala katika kompyuta nyingine?
3. Utajuaje kwamba Linux Mint yafaa kabla ya kuiweka?

Jibuni pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini.